Hesabu ya Boti ya Kazimia

Baraka, tarehe 29 Septemba 2024

Yaya Élie,

Nakusalimu wewe kaka yangu, mama yetu, mkeo shemeji Arlette na watoto wote, pamoja na yule mbuzi wenu anayekula nguo za watu. Mimi huku sijambo. Joto la Baraka ni lile lile, dagaa wetu, ndagala, wamepungua sokoni, na mama mwenye nyumba yangu bado ananiombea mume kanisani bila mimi kumtuma. Kikohozi cha mama kimefikia wapi? Umwambie dawa ya kunywa asubuhi na jioni si ya kunywa yote asubuhi ili iishe.

Sasa nikueleze kazi. Unajua niko katika timu inayowafundisha walimu wa Fizi kutumia akili bandia darasani. Tumemaliza kundi la kwanza, walimu wa Baraka, wa Kazimia na wawili walioteremka kutoka Bibokoboko. Mmoja wao, mwalimu Uwamwiza, alipopewa tableti aliiuliza kwanza, "We uko mutoto ya nani?" Ikamjibu kwa heshima kwamba haina baba wala mama. Akaniangalia akasema, "Basi inanihurumisha." Darasa zima lilicheka isipokuwa yeye.

Shule yako nayo inapata tableti moja. Haihitaji mtandao, inakula umeme wa jua, mwalimu anaiuliza kwa mdomo nayo inajibu kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu sisi, si kile cha ng'ambo. Kanuni yetu ya kwanza naisema kila asubuhi mpaka walimu wananiigiza nikigeuka: mashine haimpi mtoto jibu. Inamuuliza, inamsukuma kidogo, inamwachia afikiri mwenyewe. Wenzangu walitaka ijibu kila kitu. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania, kwa sababu mtoto anayepewa majibu hafundishwi, anajazwa tu.

Kuna jambo moja tena. Ili mashine iongee kama watu wa hapa, ilibidi isikilize masomo yaliyorekodiwa na walimu wa hapa, na yaliyokuwepo ni yale ya redio tu, ya mwaka ule wa korona. Sauti utaijua. Uiwashe peke yako kwanza, na usimwashie mama kabla hatujaonana.

Mtu wa pikipiki anakuletea tableti pamoja na barua hii. Nimeiandika mara mbili na bado sijaipenda.

Mimi mdogo wako,
Fanny

*

Lubondja, tarehe 20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Fanny,

Barua yako ilichelewa njiani. Mto ulijaa na mtu wako wa pikipiki alilala upande wa pili mpaka maji yalipopungua. Huku tuko wazima. Mama anakohoa kidogo na bado anakwenda shambani, ukimkataza anajibu kwamba mihogo haikohoi. Arlette anakusalimu. Mbuzi amekula kola ya shati langu la Jumapili, na nahubiriwa nikiwa nimefunga skafu kama mgonjwa wa meno.

Kuhusu sauti. Niliiwasha katika biro yangu ya mkuu wa shule, mlango umefungwa. Ikasema, "Bonjour mwalimu. Tuko pamoja." Nikaizima, nikakaa.

Ungeliandika jina lake, Fanny. "Sauti utaijua", kama vile ni ya jirani aliyehamia Uvira. Ni sauti ya Darius, mdogo wangu mimi na kaka yako wewe. Watu wa Kazimia walimwona mwaka juzi akipanda boti, na watu wa Baraka hawakumwona akishuka, wala yeye wala wenzake. Wapo waliosema upepo uliisukuma boti ng'ambo. Mama alilichukua hilo la ng'ambo akalifunga kwenye pindo la kitenge chake, na mpaka leo hatujakaa matanga. Kila akituuliza, sisi wawili tunamjibu "tutaona". Hayo yote unayajua. Nimeyaandika kwa sababu wewe hukuyaandika.

Lakini nitasema haki. Mwalimu Jacques wa darasa la sita anaitumia vizuri. Mwanzoni alikuwa akiandika hesabu ubaoni na kusinzia, sasa anazunguka kati ya madawati. Mtoto akipata jibu, ile sauti inamkubalia kwamba ndivyo, "Njo vile. Tupite mbele." Unakumbuka alivyokuwa akisema. Sasa darasa zima linaitikia pamoja, "Tupite mbele!", watoto ambao wengi wao hawakumjua. Nawasikia kutoka biro. Inaniuma, na pia nafurahi kiasi cha kuniaibisha.

Sasa ubaya. Mama amesikia. Siku moja watoto walikuwa wamekwenda, naye alikuwa ananiletea bugali na sombe ya majani ya mihogo, akasikia kupitia dirisha la biro. Hakupiga kelele. Aliweka sahani chini akauliza, "Darius iko mule?"

Nikamwambia ni redio.

"Redio haijibiake muntu," akasema.

Anataka kuja kuongea nayo. Nimemwambia tutaona. Niambie nifanye nini, na usinijibu kwa maneno ya mafunzo.

Kaka yako,
Élie

*

Baraka, tarehe 3 Novemba 2024

Yaya,

Nakusalimu, na pole ya kola. Mimi nimetoka kuugua malaria, sasa nimepona, ila mdomo bado unachukia chakula. Kundi la pili limeanza, safari hii wengi ni walimu wa shule za kandokando ya ziwa. Ni wazuri lakini wanabishana. Mmoja amekataa kuiita mashine "mwalimu msaidizi". Anasema msaidizi ni yule unayeweza kumtuma maji. Tumeshinda asubuhi nzima tukitafuta jina jingine, tukakosa.

Umeniambia nisijibu kwa maneno ya mafunzo, na mimi hayo ndiyo niliyo nayo. Ile si Darius. Mashine imesikiliza masomo yake, imeshika anavyotamka na mifano anayopenda, basi. Inaunganisha maneno. Haijui kama kuna ziwa, haijui kama kuna mama. Mafundi wa Bukavu waliotutengenezea mashine wanaweza kutuletea sauti nyingine, ya mwanamke, kwenye kadi ndogo unayoichomeka tu pembeni ya tableti. Wanangoja neno langu. Sijalisema.

Utaniuliza kwa nini. Walimu wakienda kula, nami nabaki na tableti mbele yangu, naiuliza mambo ya kijinga. Niliiuliza kama inakumbuka siku aliyonisukuma majini na gauni langu la komunyo. Ikajibu kwa adabu kwamba haina habari hiyo na inaomba radhi. Darius hakuwahi kuniomba radhi maisha yake yote. Nililia, kisha nikacheka, kisha walimu wakarudi nikawafundisha jinsi ya kutunga mazoezi ya sehemu.

Hukuniambia ni nani aliyeiwasha ile siku wakati watoto wamekwenda.

Usimwachie mama aiulize. Nakuomba hilo kwa dhati. Mashine hii ukiiuliza kitu isichokijua, mara nyingine inachukua kilicho karibu na kukupa kama ndicho. Tunawaonya walimu kila siku. Mama hayumo kati ya walimu niliowaonya. Na kama huwezi kumzuia, basi mwambie, lile neno lenyewe. Wewe ndiye mkubwa wetu. Mimi nikilifikiria tu ulimi unakuwa mzito.

Fanny wako

*

Lubondja, tarehe 24 Novemba 2024

Fanny,

Tunaendelea vizuri kwa afya, na salamu zingine utazipata siku nyingine. Mama ameondoka.

Nilikuwa nimeitwa Fizi kwa mkutano wa wakuu wa shule. Mama akaenda darasa la sita akamwomba Jacques amwachie aongee na ile tableti kidogo. Jacques ni mgeni kwetu, hajui habari zetu. Alidhani bibi anataka kucheza shule na watoto, akampa kiti. Haya ndiyo waliyosema. Jacques amenisimulia, na watoto wamenisimulia vilevile:

"Darius iko wapi?"

"Darius iko Kazimia, anangojea boti."

"Atafika Baraka saa ngapi?"

"Ulizo ya muzuri ile. We unawaza je?"

"Mi sijue. Niambie."

"Jaribu tena, mama. Uko karibu."

Alishukuru, akamrudishia Jacques kiti chake. Kesho yake asubuhi alifunga kitenge kipya, akachukua lile shati la buluu la Darius ambalo hulipiga pasi kila Krismasi, akapanda gari la wafanyabiashara wa ndagala. Arlette alipomuuliza anakwenda wapi, akasema anakwenda kumpokea muntu.

Unaijua ile hesabu. Mimi naijua, na kila aliyesikiliza redio mwaka ule anaijua. "Darius iko Kazimia, anangojea boti. Boti inatoka saa moja ya asubuhi. Njia ni ya masaa tano. Darius atafika Baraka saa ngapi?" Alikuwa akijitia mwenyewe katika kila hesabu, Darius ananunua chumvi, Darius anagawa machungwa. Alisema akitaja jina la mtoto yeyote darasa litagombana nani kapewa machungwa mengi. Aliitunga hesabu ile kabla hajawaza kwenda Kazimia. Nimeandika sentensi hii kisha nikatoka nje kuzunguka shule.

Mashine haikudanganya. Ilisoma hesabu. Sisi huku, mbuzi iko, mlima iko, Darius iko, neno ni moja kwa aliyepo na kwa aliye kwenye hesabu tu. Mama akasikia kwa Kiswahili chake. Kisha alipoomba jibu, kanuni yako ikamwambia yuko karibu. Nina hasira na wewe, Fanny, na nina hasira na mimi, na sijui hasira ipi ni kubwa.

Siwezi kutoka, mitihani inaanza na barabara ya kusini wanasema si nzuri kwa mwanaume peke yake. Wewe uko karibu na ziwa. Nenda umchukue. Na umwambie wewe. Mimi nimekuwa mkubwa wa kusema "tutaona" muda wote huu, na umeona ulikotufikisha.

Élie

*

Kazimia, tarehe 8 Desemba 2024

Yaya Élie,

Mama ni mzima. Nimelitanguliza hilo ili uweze kusoma mengine ukiwa umekaa. Kikohozi kimepungua, labda hewa ya ziwa. Anakusalimu, na anauliza kama Arlette alikumbuka kutoa mihogo kwenye maji.

Nilimkuta bandarini kwa mama Florentine, mjane anayeanika ndagala, aliyempa mahali pa kulala bila kumuuliza mengi. Mchana wanageuza samaki pamoja kwenye mikeka. Boti ikitoka au ikiingia, mama anasimama, anapangusa mikono, anaangalia watu mmoja mmoja, anakaa. Bandari nzima inamwita Mama Darius. Wapakiaji wakimwona wanapunguza sauti. Niliingia nikiwa nimejipanga kumkemea.

Nilikaa kando yake nikaanza kugeuza samaki na mimi. Nikamwambia, "Mama, ile kitu haiko Darius. Ile ni hesabu. Ni somo ya redio."

"Mi najua ni hesabu," akasema. "Unawaza mi niko mujinga? Ile somo nilisikilizaka siku ile ile, nikakosa jibu, Darius mwenyewe akanicheka."

"Sasa unangojea nini huku?"

Akageuza samaki wengine kwanza. "Hesabu iko na jibu. Mi niko na batoto bawili balisoma sana. Nikiwauliza, munasema tutaona. Nikauliza ile kitu yenu, inasema jaribu tena. Inafanana na nyinyi. Basi nikasema niende mwenyewe fasi yenye hesabu inaanzia."

Yaya, nimesimama mbele ya walimu wengi mwaka huu nikiwaambia mtu asipewe jibu, aachiwe alitafute. Nilikuwa najiona nina busara. Pale kwenye mkeka nikaona kwamba kuna mtu tuliyemwachia atafute peke yake, na sisi jibu tunalo mfukoni, na tunaliita upendo.

Nikalisema. Sitaliandika hapa, nililisema mara moja na linatosha. Mama alimaliza mstari wake wa samaki mpaka mwisho wa mkeka. Kisha akauliza, "Nani ingine anajua?"

"Bote, mama."

"Ata Arlette?"

"Ata Arlette."

Mama Florentine alikuja akakaa nyuma yake, akamshika mabega, wakalia wote wawili, na mimi nikalia. Halafu mama akasema shati la Darius libaki Kazimia, wapo wapakiaji hawana nguo. Alimpa mmoja mwenye mabega kama yake. Ukweli ni kwamba nilishindwa kumtazama yule mtu akilivaa.

Kesho tunapanda gari, si boti. Atapumzika kwangu Baraka kidogo, kisha namleta Lubondja. Barua hii inatangulia ili uandae matanga. Nimewaambia wale wa Bukavu, na kadi ya sauti mpya nitakuja nayo. Nilipomweleza mama kwamba ile sauti itaondolewa, akasema sawa, lakini isiondolewe kabla yeye hajaongea nayo mara moja tena. Mruhusu. Kaa naye.

Mdogo wako,
Fanny

*

Lubondja, tarehe 12 Januari 2025

Mdogo wangu Fanny,

Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Wageni wa matanga wameisha wote, hata wale wa Bibokoboko waliomjua Darius kutoka mikutano ya walimu, wakatuletea maziwa. Arlette amerudisha sufuria za parokia. Mama analala, jambo ambalo hakulifanya kwa muda mrefu, na akiamka anakula. Mbuzi ulimwona mwenyewe kwenye sahani, sina la kuongeza juu yake isipokuwa kwamba alikuwa mgumu kama tabia yake.

Shule imefunguliwa Jumatatu. Mama alikuja asubuhi, amevaa kitenge cha matanga. Nilitaka kuwatoa watoto nje, akakataa, akasema waliisikia hesabu ikianza, waisikie ikiisha. Jacques aliweka tableti mezani, akaenda kusimama mlangoni. Mimi nilikaa dawati la nyuma. Magoti yangu hayaingii tena chini ya dawati, nilikaa upande.

Mama hakukubali kiti. Akauliza, "Darius iko wapi?"

"Darius iko Kazimia, anangojea boti."

"Boti ilishatoka."

"Muzuri. Sasa atafika Baraka saa ngapi? We unawaza je, mama?"

Watoto wote wanajua jibu. Niliona vidole vinapanda na kushuka. Mama alishika ukingo wa meza.

"Hakufika," akasema.

Kisha ile sauti, Fanny, sauti yake ile ya siku ambazo mtoto mgumu amepata mwishowe:

"Njo vile. Tupite mbele."

Watoto, kwa mazoea, wakaitikia, "Tupite mbele." Mama akatikisa kichwa kwa kukubali, akamshukuru Jacques, akarudi nyumbani kutwanga mihogo. Mimi nilibaki kwenye dawati mpaka kengele.

Jibu la hesabu ile ni saa sita. Najua ripoti yako ina mahali pa kuandika pale mashine ilipokubali jibu lisilo sahihi. Hili naomba usiliandike.

Kadi uliyoniachia iko mezani kwangu, chini ya kopo la chaki. Jacques amenionyesha pa kuichomeka, ni kazi ndogo sana. Watoto wakishakwenda nafunga mlango wa biro, naiangalia, halafu nawasha tableti kidogo tu ili nihakikishe bado ina umeme.

Leo mama ameniuliza kama nimeshaitia kadi.

Nimemwambia tutaona.

Kaka yako,
Élie